Krimu ya Keki ya Yusra

Mwanaheri alikuwa akipima rangi mlangoni, si jikoni. Ukipita njia ya nyuma ya soko la Tukuyu asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia mabati, ungemkuta amesimama kizingitini na sahani nyeupe mkononi. Nyuma ya sahani amepaka krimu kidogo, na pembeni yake ameshika kipande cha kitambaa. Anaangalia krimu, anaangalia kitambaa, anainua uso kuona kama jua linakuja. Taa ya umeme inadanganya, alikuwa akisema, rangi uitazame kwa jua. Basi anasubiri, na kwetu huku jua unaweza kulisubiri mpaka saa nne.

Mimi ni jirani yake. Jiko langu na jiko lake yanatumia ukuta mmoja, akigonga kwa mwiko mie nasikia. Ninachoandika hapa ni habari ya keki ya mwanawe Yusra, iliyoliwa Idi Pili mwaka huu, na nimeandika kwa ruhusa ya Mwanaheri mwenyewe. Ila siwezi kuieleza vizuri bila kusema kwanza jambo ambalo mwenyewe sikulijua mpaka siku ile. Mwanaheri, fundi wa keki aliyejulikana kutoka Kisondela mpaka Suma, alikuwa hasikii tena ladha ya kitu chochote mdomoni.

Amezaliwa hapahapa. Baba yake, mzee Jaffari, alikuwa akiuza vitenge sokoni, Mungu amrehemu. Waislamu kwetu si wengi, lakini Mwanaheri hajawahi kuwa mgeni. Kinyakyusa anakisema vizuri kuliko watoto wetu wanaorudi kutoka Mbeya wakijifanya wamekisahau. Mumewe Idrisa alikuwa dereva wa lori la ndizi, akafariki Yusra akiwa darasa la nne. Kabla ya Yusra, Mwanaheri alizaa wawili, wote akawazika wakiwa wachanga. Kwa hiyo Yusra ndiye aliyebaki.

Kazi ya keki ilianza kwa sababu ya Idrisa. Siku moja alirudi safari ya Kyela na mfuko wa kokoa, amepewa na mzee mmoja wa huko anaitwa Ambwene. Hakuna aliyejua aifanyie nini. Wakulima wenyewe wanailima ikauzwe iende ng'ambo, wao wanakunywa chai. Mwanaheri akaikaanga kama karanga, akaimenya, akaitwanga kwenye kinu mpaka ikatoa mafuta, akaipiga pamoja na siagi na sukari ya unga, ikawa krimu ya kupaka keki. Yusra alikuwa na miaka mitatu. Aliulamba mwiko, akakataa kuuachia, akalala nao. Toka hapo watu wakaanza kuulizana, "Ile keki nyeusi mmeitoa wapi?" maana kweli ilikuwa nyeusi, kama udongo wa migombani baada ya mvua.

Shida ya rangi ililetwa na sare. Siku hizi harusi ina kamati, na kamati inachagua kitambaa. Akina mama wanashona kitambaa kilekile, viti vinavalishwa kilekile, na keki nayo lazima ifanane nacho. Mtu anakuja na kipande kidogo kama kiganja, anakiweka mezani. "Mama Yusra, krimu iwe hivi." Kahawia ya maziwa, kahawia ya mchanga, kahawia ya kutu. Wapo mafundi wanaoongeza sukari na siagi mpaka krimu inapauka, ukila unakula sukari tupu. Wengine wanamimina rangi ya chupa mpaka ulimi unakunjamana.

Mwanaheri alitafuta njia yake. Akitaka krimu iwe nyepesi, kokoa haitwangi, anaivunjavunja tu. Anaitia kwenye maziwa, anayapasha polepole bila kuyachemsha, anafunika, anaacha yapoe, halafu anachuja kwa kitambaa cheupe. Weusi mwingi unabaki na chenga, utamu unaondoka na maziwa. Maziwa hayo anayarudisha motoni mpaka yawe mazito, ndipo anayapiga na siagi. Akitaka rangi ikolee zaidi ya hapo, anachukua kikombe kimoja cha krimu, anakipasha kiyeyuke, anakirudisha bakulini, inakolea yenyewe. Ikigoma, matone mawili ya kahawa nyeusi. Na siku zote aliiacha hatua moja nyuma ya kitambaa, kwa sababu krimu ya kokoa ikilala inakolea. Katika yote hayo alikuwa anaonja. Anapima rangi, anaonja, anapima, anaonja. Rangi ikisogea na ladha ikarudi nyuma, alikuwa anamwaga na kuanza upya.

Mie niliingia kwenye kazi hiyo kwa mlango wa Ramadhani. Wapo wanaoonja kwenye mfungo kisha wakatema, na hawana kosa, lakini yeye alikuwa hajiamini.

"Krimu yangu naijua," aliniambia mwaka wa kwanza, "haitemeki. Wewe Mama Anyelwisye huna mfungo mwezi huu, hebu njoo uniazime ulimi."

Basi ikawa desturi yetu. Kila Ramadhani, zaidi ya miaka ishirini, anagonga ukuta mara tatu, naenda, naonja, namwambia: sukari imezidi, kokoa imejificha, chumvi kidogo. Alikuwa akicheka. "Mungu kaniletea Mkristo mwenye ulimi wa Kiislamu."

Miaka miwili iliyopita aliota uvimbe shingoni. Akapelekwa Dar es Salaam, akapigwa mionzi wiki saba. Yusra alikuwa ameshachumbiwa na Khalidi, kijana mwenye duka la vipuri Makambako. Akaahirisha harusi mwaka mzima, akakaa na mama yake, akamlisha uji kwa kijiko. Mwanaheri alirudi amekonda, sauti inakwaruza, lakini uvimbe umekwisha. Tulimshukuru Mungu kila mtu kwa njia yake.

Ulimi ndio haukurudi. Madaktari walimwambia ladha huenda ikaja taratibu. Akasubiri. Uji, pilau, ndimu, pilipili, vyote kwake vilikuwa kama karatasi iliyolowa maji. Pua nayo ilikuwa imepungua. Hili hakumwambia mtu. Ameniambia baadaye kwamba aliogopa vitu viwili. Watu wasingempa kazi, hilo la kwanza, na hakulijali sana. La pili ni Yusra. Angejua, angesema mama bado mgonjwa, angeahirisha tena, na kijana wa watu angechoka kusubiri.

Kwa hiyo alianza kunigongea ukuta hata miezi isiyo ya mfungo.

"Njoo uonje. Mie nimeonja toka asubuhi, ulimi umechoka."

"Umezeeka, dada."

"Nimezeeka ndiyo. Onja, acha maneno."

Nikawa naonja, sikushuku kitu. Keki zikawa zinatoka vilevile.

Harusi ikapangwa Idi Pili. Wiki mbili kabla, akaja Samira, shangazi yake Khalidi, mwenyekiti wa kamati. Ni mama mmoja mnene mchangamfu, anaongea kama mtu anayepiga mnada. Akatoa kipande cha kitambaa.

"Mama Yusra, sisi watu wa Makambako hatutaki kelele. Rangi ndiyo hii. Chai ya maziwa, lakini maziwa yasizidi."

Mwanaheri akakishika, akaenda nacho mlangoni. "Hii ni nyepesi mno kwa kokoa yangu."

"Kwani lazima kokoa? Weka vanila upake rangi, nani atajua?"

"Bibi harusi atajua."

Yusra alikuwa palepale, anasuka ukili wa mkeka pembeni. Akasema bila kuinua macho, "Shangazi, nje mpake rangi mnayotaka hata ya bendera. Krimu iwe ile ya mwiko."

Samira akacheka. "Haya, mtoto wa mama!"

Lakini Mwanaheri hakucheka. Nilimwona anakikunja kile kitambaa mara nne, anakitia kifuani. Watu wengi walimwambia apumzike, aagize keki Mbeya, yeye akae kama mama wa bibi harusi. Alikataa. Yusra alikuwa amemwomba kitu kimoja tu, kwamba keki yake itoke mkononi mwa mama yake na iwe na ladha aliyokua nayo. Mwanaheri alitaka kumpa hicho, halafu amwachie aende.

Kokoa aliagiza kulekule kwa mzee Ambwene. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki mwezi wa kwanza, tukampa pole mjane wake kwa simu, anaitwa Andongwisye. Mjane akatuma mfuko kama kawaida. Mwanaheri akazikaanga kwa kusikiliza maganda yanavyopasuka, kwa sababu pua haikumsaidia. Mie nilikuwa nimesafiri Ikuti kwenye msiba siku hiyo. Ningekuwepo labda ningenusa. Sijui.

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma ziliingia wiki moja. Sisi akina mama wa jumuiya ya kanisani tulikubaliana kila mmoja ajinyime kitu kimoja mpaka Pasaka na kuombea wagonjwa. Mie nilijinyima sukari. Nilitamka mbele ya wenzangu, na jina la kwanza kwenye karatasi yangu ya wagonjwa lilikuwa la Mwanaheri. Ile shingo yake bado ilikuwa inanitia hofu. Yeye sikumwambia, mambo ya namna hiyo mtu hatangazi.

Siku ya mwisho ya mfungo, saa tano hivi, ukuta ukagongwa mara tatu.

Nilimkuta mlangoni na sahani yake. Kwa mara ya kwanza toka augue alikuwa na uso wa furaha kabisa.

"Njoo uone maajabu," akasema. "Nimechuja mara moja tu. Siku zote nahangaika weusi utoke, leo maziwa yametoka mepesi yenyewe. Yalikuwa na rangi ya majivu kidogo, nikatia ncha ya kijiko ya rangi nyekundu, basi. Angalia!"

Nikaangalia. Krimu ilikuwa hatua moja tu nyuma ya kitambaa, kama kawaida yake. Kwa kweli ilikuwa nzuri, nyororo, inang'aa.

"Mungu amenipunguzia kazi," akasema. Halafu akanipa kijiko. "Haya, ulimi wangu."

Nilikishika kile kijiko. Nikaona ile sukari yote. Nikafikiri hivi: zimebaki wiki mbili kufika Pasaka, nimeahidi mbele ya watu na mbele ya Mungu. Nikafikiri tena: jioni akifuturu ataonja mwenyewe, kwani lini krimu ya Mwanaheri ilikosea? Nikageuka upande wa dirisha kama mtu anayetafuta mwanga, nikakigusisha kijiko midomoni, nikakifuta kwa upande wa kitenge.

"Imekaa vizuri, dada," nikasema.

"Kokoa haijajificha?"

"Haijajificha."

"Ndaga," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akafunga macho. Akashika ukuta kwa mkono mmoja. Nikadhani ni uchovu wa mfungo.

Akafunika bakuli kwa kitambaa safi. Alikuwa na sharti lake la miaka yote, krimu ya harusi hailambwi na mtu kabla ya bibi harusi, isipokuwa mie kwa kazi yangu. Nyumba ilijaa ndugu, watoto wanazunguka kama nyuki, lakini hakuna aliyethubutu kutia kidole. Idi Mosi baada ya sala akaipaka keki, ngazi nne, akaizungushia maua ya krimu ileile.

Idi Pili mvua ilinyesha toka alfajiri. Nikaha ikafungwa msikitini, sisi wanawake tukakaa chini ya turubai nyuma ya nyumba, maji yanagonga juu hata muziki hausikiki vizuri. Keki ilipoingia watu walipiga vigelegele. Samira akavuta ncha ya mtandio wake wa sare, akausogeza mpaka kwenye krimu.

"Oneni! Oneni wenyewe! Mnaona mpaka hapa?"

Hakukuwa na mpaka. Watu wakapiga makofi. Mwanaheri alikuwa amevaa sare ileile, amesimama na mikono ameikunja mbele, na mie nikamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Yusra akakata. Kwetu bibi harusi anaanza kumlisha mama yake, na mama anamlisha yeye. Yusra akamtia mama yake kipande mdomoni. Mwanaheri akatafuna, akatabasamu. Halafu yeye akakata kipande kikubwa, chenye krimu nyingi, akamlisha mwanawe, akabaki anamwangalia usoni.

Yusra akatafuna. Akaacha kidogo. Akatafuna tena, akameza. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Mama, umeionja?" akauliza taratibu.

"Nimeionja, mwanangu. Ikoje?"

"Ndiyo yenyewe," Yusra akasema. "Ndiyo ile ile."

Mwanaheri akaangua kilio cha furaha mbele za watu, wakamshangilia.

Vipande vikagawiwa. Sahani yangu niliiweka magotini, sikuigusa kwa sababu ya ahadi yangu. Kwa hiyo mie nilikuwa naangalia tu. Mtoto mmoja akatema kwenye kiganja. Bibi aliyekaa mbele yangu akameza kwa maji. Halafu mama mmoja wa upande wa bwana harusi akasema kwa sauti, "Jamani, hii ni keki au mwarobaini?"

Kicheko kikalipuka. Mwingine akadakia, "Hii inang'ata ulimi kama ndizi mbichi!"

Na Samira, ambaye hana ubaya ila mdomo, akasema, "Rangi tumepewa, ladha tumenyimwa!"

Mwanaheri alisikia. Akageuka kumwangalia Yusra, Yusra akaangalia chini. Ndipo akaniangalia mie. Aliangalia uso wangu, akaangalia sahani magotini kwangu, ilivyojaa. Akainuka, akaenda jikoni.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya bakuli lenye krimu iliyobaki.

"Mama Anyelwisye," akasema, "juzi ulionja?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikasikia kama inanisubiri.

"Sikuonja," nikasema. "Nilijinyima sukari. Nilijua wewe utaonja jioni."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akachukua kijiko, akakijaza krimu, akakitia mdomoni, akakaa nacho muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea chini ya kitanda. Akameza.

"Mie siwezi," akasema. "Toka Dar. Hakuna kitu. Ni wewe tu ulikuwa unaonja."

Nikachovya kidole, nikaonja pale pale, na ahadi yangu ikavunjika bila faida kwa mtu. Ilikuwa chungu, inakaza ulimi. Kokoa ile tunayoijua haikuwamo kabisa.

Tulipogeuka, Yusra alikuwa mlangoni na nguo zake za harusi, amezishika pindo zisiguse majivu.

"Toka lini, mama?"

"Rudi kwa wageni."

"Nakuuliza, toka lini?"

"Toka Dar es Salaam."

"Miaka miwili unakula vitu huvisikii, unaniambia 'mchuzi mtamu, Yusra, ongeza'?"

"Ungejua ungeolewa?"

"Ningekaa na wewe."

"Basi ndiyo sababu," Mwanaheri akasema.

Yusra akamshika mama yake, wakalia, yeye na vipodozi vyote. Mie nilikuwa upande wa kinu, sikujua nishike nini. Huko nje walikuwa wameshaanza kupiga honi, safari ya Makambako ni ndefu na barabara ilikuwa inateleza. Akaja mtu kumwita, akaja wa pili. Yusra akaondoka macho yamevimba, na wageni wakasema ndivyo mabinti wenye mapenzi na mama zao wanavyoondoka.

Mwanaheri aliimwaga krimu iliyobaki chini ya migomba. Kesho yake akaifunika mashine ya kupigia krimu kwa gunia. Waliokuja kuagiza aliwaambia ameacha, anaumwa mgongo. Nilikwenda kila siku, nikifika tunaongea habari za mvua. Siku ya tatu nikashindwa, nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Nikamweleza na ile karatasi ya wagonjwa, jina lake likiwa la kwanza. Akasema, "Kumbe ulijinyima kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Nimekusamehe. Inuka, sakafu ina baridi." Halafu akaongeza, "Ila kwa sasa usiniambie kitu chochote ni kizuri. Hata hali ya hewa."

Nikamwambia kuanzia sasa nitaonja kweli, kila sufuria, hata saa ya ibada. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Nimechoka kuazima."

Wiki ya pili baada ya Pasaka tukasikia hodi. Alikuwa Andongwisye, mjane wa Ambwene, bado na kitambaa cheusi kichwani, na mfuko mdogo mkononi. Habari za keki zilikuwa zimeshuka mpaka Kyela. Alikataa kiti, akakaa mkekani, akaomba kisu na zile kokoa zilizobaki. Akapasua moja katikati, akatuonyesha. Ndani ilikuwa ya rangi ya majivu yenye uzambarau, imefungamana kama jiwe.

"Hii haikuvundikwa," akasema. "Inatakiwa ikivunwa ilale chini ya majani ya migomba siku sita, mtu anaigeuza, inapata joto, inaiva. Hiyo kazi alikuwa anaifanya mume wangu mwenyewe. Alipokufa, kokoa alikuwa ameivuna jana yake. Watu wakajaa uwanjani, wakataka pa kukaa. Wakaifunua, wakaianika hivyohivyo kwenye mikeka, hakuna aliyekumbuka. Mie nilikuwa ndani na maiti yangu. Ulipoagiza nikajaza mfuko, sikuangalia. Nisamehe, mama."

Mwanaheri akamshika mikono miwili. "Ungeangalia saa ngapi, mama yangu? Ungeangalia saa ngapi?" Akamwambia akae, akamwekea ugali na maziwa ya mgando, wakala pamoja. Mmoja anasikia ladha, mwingine hasikii, na wote wawili walikuwa wanakula bila hamu.

Mfuko mdogo aliokuja nao Andongwisye ulikuwa wa kokoa alizozivundika kwa mkono wake mwenyewe, akizigeuza kila asubuhi. Mwanaheri akapasua moja. Ndani kahawia, ina nyufanyufa kama ngozi ya mzee. Aliuweka ule mfuko dirishani siku tano bila kuugusa. Siku ya sita akautuma Makambako kwa basi.

Yusra akapiga simu Jumamosi. Mie nilikuwepo, nimekuja kuchukua moto. Mwanaheri aliweka simu juu ya kinu, sauti kubwa, akamwelekeza mwanawe hatua kwa hatua: maganda yakianza kulia punguza mkaa, maziwa yasichemke, funika, usiwe na haraka. Yusra akawa anatuma picha. Mwanaheri alikuwa anazibeba mpaka mlangoni, anazitazama, anarudi.

"Imepauka. Chukua kikombe kimoja, pasha, rudisha."

Picha nyingine ikaja.

"Bado kidogo. Tone la kahawa. Moja, usitie mawili."

Picha ya tatu aliiangalia muda mrefu.

"Hapo," akasema. "Rangi ndiyo hiyo. Sasa onja wewe, mwanangu, maana mimi siwezi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema hilo bila kuulizwa. Tulisikia kijiko kikigonga bakuli, halafu tukasikia Yusra anavuta pumzi, halafu analia.

"Ni ile, mama. Wallahi ni ile."

"Sawa. Alhamdulillahi. Mpe na mumeo," Mwanaheri akasema, akakata simu.

Akaketi kwenye kigoda, mikono magotini. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya migomba.

"Hata siku ile ya harusi aliniambia ni ile," akasema. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa, "Unafikiri leo kasema kweli?"

Nilitaka sana kumwambia ndiyo. Nikamjibu kwamba sijui, maana sikuwepo huko, na sikuionja.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua koleo, akanipa moto niliokuwa nimeufuata.